Jina Lisilokuwamo Katika Orodha

Tulihitimu mwaka 2002. Ilipokaribia kutimia miaka 20, wenzangu niliosoma nao shahada ya kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliamua kwamba tukutane. Kamati iliundwa kabla hatujajua tutakutana wapi wala kwa fedha zipi, kama ilivyo ada yetu. Mimi nilipewa ukatibu kwa hoja kwamba mwalimu wa chuo kikuu hana kazi nyingi wakati wa likizo. Sikubishana, ingawa kila anayesahihisha mitihani wakati wa likizo anaujua ukweli.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa orodha ya darasa. Nilikitoa sandukuni kijitabu cha mahafali, nikanakili majina yetu sisi tuliosoma Historia, nikaongeza safu tatu za kujazwa: kazi, makazi, na hali ya familia. Majina yalikuwa 41. Nikaituma orodha katika kundi letu la WhatsApp na kuomba kila mmoja ajaze mstari wake. Wenzangu walinipongeza. Mmoja akaandika, "Katibu, hujamsahau mtu."

Ni kweli, sikuwa nimemsahau. Nilijua tangu nilipofungua kijitabu kile kwamba kuna jina ambalo halimo, na nilijua kwa nini halimo. Nikaituma orodha hivyo hivyo.

Kabla sijafika kwake, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze majibu yaliyorudi, kwa kuwa yananiambia mengi zaidi juu ya kizazi chetu kuliko vitabu kadhaa ninavyovifundisha. Sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Wengine wana watoto wanaosoma ukurasa huu.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa hodari wa kuzungumza katika semina hata siku ambayo hajasoma chochote, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa miaka michache simu yake ilipokewa na msaidizi. Jioni moja, akiwa ameketi na watoto wake mbele ya televisheni, alisikia katika taarifa ya habari kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Aliniambia kwamba kutenguliwa hakukumshangaza. Kilichomshangaza ni ukimya wa simu. "Kaka, nilidhani imeharibika. Nikamwambia mke wangu aende chumbani anipigie, nione kama itaita." Iliita. Siku hizi amerudi utumishini katika ngazi ya chini kuliko ile aliyokuwa nayo kabla ya kuteuliwa, na husalimia watu kwanza. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Yeye anasema kusahau si tatizo, tatizo ni kukumbushwa saa mbili usiku.

Mwingine alipata ajira katika kampuni ya simu za mkononi wakati ambapo kampuni hizo zilikuwa changa nchini, na kijana mwenye shahada na shati lililopigwa pasi aliweza kupanda haraka. Alikuwa wa kwanza miongoni mwetu kumiliki gari. Alipofika umri wa miaka 43 aliitwa katika ofisi yenye kiyoyozi, akaelezwa kwamba nafasi yake haimo tena katika muundo mpya. Sasa anafuga kuku wa mayai Kibaha, na anazungumzia bei ya pumba kwa umakini ule ule aliokuwa akizungumzia hisa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini naomba tusifanye haraka ya kuwapongeza watu kwa ujasiriamali ambao hawakuuchagua.

Dada mmoja yuko Marekani. Hufanya kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee, akiwaogesha na kuwageuza kitandani. Mama yake alipofariki, karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika; angetoka asingeweza kurudi. Aliyafuatilia mazishi kwa simu iliyoshikwa na mpwa wake, na katikati ya mazishi chaji ikaisha. Kila msiba unapotangazwa kundini, mchango wake ndio wa kwanza kufika. Niliwahi kumshukuru, akanijibu: "Nawahi kwa sababu siwezi kufika."

Safu ya familia ndiyo iliyonipa taabu. Nilikuwa nimeiweka bila kufikiri, kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Wengine waliandika idadi ya watoto, na wawili tayari waliandika wajukuu. Mmoja aliandika "imegawanyika," bila neno la ziada. Mwingine, aliyeoa miaka 17 iliyopita na ambaye sote tulihudhuria harusi yake, aliandika "wawili," nikadhani ana watoto wawili, kisha nikaelewa kwamba ni yeye na mkewe. Wanne waliiacha wazi. Ningeweza kuifuta safu ile na sikuifuta, na hilo ni kosa la katibu.

Mistari saba haikujazwa na wenyewe. Wawili walikufa mapema sana, kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, au pengine zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza na hazijafika walikokuwa. Msibani tulisema kifua kikuu, tukasema malaria, na kila mtu akatazama pembeni. Mmoja aliondoka kwa ajali ya basi, mmoja katika uzazi, wawili kwa maradhi ya kawaida ambayo hayakupaswa kumwua mtu wa miaka 40. Wa saba alifariki mwanzoni mwa mwaka 2021, katika miezi ile ambayo nchi nzima tulijifunza kusema "changamoto ya upumuaji." Hata katika kifo kizazi chetu kimekuwa na adabu ya maneno.

Kisha yuko dada aliyehitimu kwa daraja la kwanza, peke yake katika darasa zima. Ilipotokea nafasi moja ya mkufunzi msaidizi, yeye ndiye aliyefuatwa kwanza. Lakini alikuwa ameolewa mwezi uliotangulia, na mumewe alikuwa amepangiwa kazi mkoani. Familia mbili zilikaa kikao, na jibu lililotoka kikaoni halikuwa lake. Leo ni mkuu wa shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2006 kwa matofali na nguvu za wananchi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yake yalijaa hadi wanafunzi wakakaa kwenye kingo za madirisha. Ameishafundisha Historia, Uraia, Kiswahili na, kwa mwaka mmoja ambao hapendi kuuzungumzia, Baiolojia.

Wakati kundi letu lilipokuwa likijadili shule nzuri za watoto, ada zake na mabasi yake ya njano, yeye aliuliza swali moja: "Nani kati yetu ana mtoto katika shule kama yangu?" Tulikuwa watu zaidi ya thelathini, karibu sote tuliosomeshwa na serikali hii kuanzia darasa la kwanza. Hakuna aliyejibu. Baada ya muda mtu akatuma picha ya maua na maneno ya kututakia asubuhi njema, na mazungumzo yakahama.

Alipoikataa nafasi ile, au tuseme ilipokataliwa kwa niaba yake, ilikuja kwangu. Nilikuwa wa pili. Hapo ndipo ulipoanza mwendo ulionifikisha kwenye shahada ya uzamivu na kwenye kiti ninachokikalia leo. Wanafunzi wangu wanaponiuliza siri ya mafanikio, nimekuwa nikiwaambia ni bidii, na sikuwa nikiwadanganya, kwa kuwa nilisoma kwa bidii. Lakini kiti hiki kilikuwa na wenyewe wawili kabla hakijawa changu. Dada huyu alikuwa mmoja. Wa pili ndiye yule ambaye jina lake halimo katika kijitabu cha mahafali.

Tulikutana wiki za mwanzo, Oktoba 1999. Mimi nilikuwa nimekosa chumba. Waliosoma Mlimani wanalijua neno kubebwa: mwenye chumba humkaribisha asiye nacho, kinyume cha utaratibu, na chumba cha watu wawili hulala watu wanne. Yeye alikuwa na kitanda Hall II, nami nilikuwa na begi. Hatukuwa ndugu, hatukutoka mkoa mmoja, hata lafudhi zetu zilichekana. Aliniuliza nalala wapi, nikasema bado natafuta, akasema, "Basi acha kutafuta." Nilibebwa mwaka mzima. Godoro langu la sponji lilikaa chini ya kitanda chake mchana, na usiku likatoka.

Mwezi ule ule Mwalimu Nyerere alifariki. Tulikwenda pamoja Uwanja wa Taifa, ule ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, kuuaga mwili wake, tukapanga foleni kwa saa nyingi. Wakati wa kurudi daladala hazikupatikana, tukatembea. Njiani, kuanzia Kariakoo hadi Manzese, alinisimulia habari za kwao Mbinga: jinsi Wamatengo wanavyolima ngoro kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa safu zinazokatana kama kimia, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika nyasi, likabaki shimo. Mlima mzima huwa na mashimo yanayoshika maji ya mvua na kuuzuia udongo usiondoke. Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, alisema, lakini kuchimba na kufunika ni kazi ya wanawake, na mikono ya mama yake ilikuwa imepinda kwa kazi hiyo. Katika semina alimwuliza mhadhiri kwa nini vitabu vyetu vya historia ya teknolojia vinaanza na mvuke wa Uingereza na kamwe havifiki Mbinga. Miaka mingi baadaye niliandika sura moja ya tasnifu yangu juu ya kilimo cha miteremko. Niliwashukuru watu wengi katika ukurasa wa shukrani. Yeye simo nilimomweka.

Mwaka wa kwanza alituongoza sote. Mwaka wa pili alikuwa anaendelea kutuongoza. Madesa yake, ile mihtasari aliyoiandika kwa mkono, yalizunguka vyumbani hadi karatasi zikachakaa, na sijui ni wangapi tulioepuka sapu kwa sababu yake.

Ijumaa moja ya mwaka 2001, siku tatu kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, alipata ujumbe uliopitia kwa dereva wa basi hadi kwa mjomba wake Temeke: mama ni mgonjwa sana, njoo. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwaka huo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka, na nyumba nyingi za Mbinga hazikuwa na fedha za kumfikisha mgonjwa hospitali. Usiku ule aliandika barua kwa Mkuu wa Idara kuomba kuahirisha mitihani. Alfajiri ya Jumamosi ofisi zilikuwa zimefungwa na basi la Songea lilikuwa linaondoka Ubungo. Akanipa barua. "Jumatatu asubuhi, kabla ya mtihani, wapelekee. Kanuni inataka wajue kabla."

Niliiweka ndani ya kitabu. Jumatatu nilikuwa na mtihani saa mbili. Nilijiambia nitaipeleka nikitoka. Nilipotoka kulikuwa na foleni, au nilikuwa na njaa, au nilitaka kwenda kusoma kwa ajili ya mtihani wa kesho yake. Nimejaribu kukumbuka ni lipi, na kila mara kumbukumbu inanipa sababu tofauti. Niliipeleka Jumatano. Karani aliipiga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, akaitia katika faili.

Mama alifariki. Aliporudi baada ya wiki tatu, jina lake lilikuwa ubaoni miongoni mwa walioondolewa masomoni. Mtihani usioufanya bila ruhusa ni mtihani uliotoroka. Kanuni iliandikwa wazi na kila mmoja wetu alikuwa na nakala yake. Sina neno nayo. Usiku ule aliniuliza, "Barua ulipeleka?" Nikamjibu, "Nilipeleka." Kila neno la jibu langu lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo.

Alikata rufaa, ikagonga mwamba. Alifunga mizigo yake katika begi lile lile alilokuja nalo, akaniachia ndoo na pasi ya mkaa. Nilimsindikiza Ubungo. Sikusema kitu. Kuanzia hapo sikusema kitu kwa miaka 21.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilichelewa kwa uzembe tu. Yeye alikuwa wa kwanza, na mimi nilikuwa nyuma yake. Sikumbuki kuwaza kwamba akiondoka nitasogea. Lakini ninafundisha Historia, na jambo moja ninalowaambia wanafunzi ni kwamba ushahidi wa mtu juu ya nia yake mwenyewe, hasa anapokuwa amefaidika, upokewe kwa tahadhari. Siwezi kujipa mimi msamaha ambao nisingempa mkoloni.

Katika kundi letu mada inayopendwa kuliko zote ni Bodi ya Mikopo. Ilianza kazi mwaka 2005, miaka mitatu baada ya sisi kuhitimu, lakini ikapewa pia madeni ya wale waliokopeshwa na serikali tangu mwaka wa masomo 1994/95. Kwa hiyo bumu letu, lile tulilolishangilia kwa kupigiana filimbi ghorofani, likaturudia likiwa deni. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016 makato yakawa asilimia 15 ya mshahara, na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka, iliendelea kulinenepesha deni hadi ilipofutwa mwaka 2021. Tulilalamika sana. Mimi nililimaliza langu, nikapata barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, nikaipiga picha na kuituma kundini. Wakanipongeza: "Dokta yuko huru."

Barua hiyo ndiyo iliyoniamsha. Niliitazama katika simu pamoja na orodha ya majina 41, zote mbili zimeandikwa vizuri, zote mbili zina mpangilio, na zote mbili zinasema uongo ule ule niliousema mwaka 2001: maneno sahihi, maana batili.

Nilimtafuta. Afisa ushirika mmoja katika Mkoa wa Ruvuma aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nilimpa jina, akanipa namba siku hiyo hiyo. "Huyo ni katibu wa AMCOS, mwalimu. Wakulima hawakubali mizani isomwe kabla hajafika." Nilikaa na namba ile siku tisa.

Sauti yake haikuwa imebadilika. Tulisalimiana habari za miaka. Alinieleza kwamba ana watoto wanne, kwamba aliwasomesha wadogo zake wawili wakawa walimu, kwamba analima kahawa na maharage, na ngoro bado zipo ingawa vijana hawazipendi kwa sababu ya kazi yake. Aliniambia alisoma tasnifu yangu. Mtu mmoja alimpa nakala. "Sura ya ngoro ni nzuri," alisema. "Umekosea jambo moja kuhusu mpangilio wa mazao, lakini ni nzuri."

Nikamwambia juu ya barua. Nilikuwa nimeandaa maneno, nayo yakanitoroka, nikabaki na mafupi: ulinipa Jumamosi, ilipaswa kufika Jumatatu, niliipeleka Jumatano.

Alinyamaza. Nilisikia kuku, na mtu akimwita kwa mbali.

"Najua," alisema. "Wakati wa rufaa walinionyesha faili. Muhuri niliuona."

Nilimwuliza kwa nini hakusema kitu pale Ubungo.

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa na mtihani, mimi nilikuwa na msiba. Nilisubiri uniambie mwenyewe. Nilisubiri kama miaka mitatu hivi. Baadaye kahawa ikanipa kazi nyingine."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Nilimweleza juu ya mkutano wa miaka 20, nikamwalika, nikasema kamati italipa nauli. Alicheka kidogo. Alisema Desemba ni wakati wa kupalilia, na kwamba yeye hakuhitimu mwaka 2002, kwa hiyo sherehe hiyo si yake, wasalimu wote. Kisha akaniaga kwa adabu, kama anavyoagwa afisa aliyefika kutoka makao makuu.

Niliandika jina lake katika orodha, mstari wa 42, nikaandika safu zote tatu kama alivyonieleza. Nikaituma upya kundini na kueleza kisa chote kama nilivyokueleza wewe, msomaji, bila kujipunguzia. Baadhi waliniandikia pembeni kwamba nimejidhalilisha bure, kwamba yaliyopita si ndwele. Mkuu wa shule ya kata aliandika mbele ya wote: "Madesa yake ndiyo yaliyonipa daraja la kwanza. Na mimi sikuwahi kumtafuta." Mfugaji wa kuku akasema naye. Mkurugenzi wa zamani akasema naye. Ikadhihirika kwamba watu wengi walikuwa wakilikumbuka jina lile kwa miaka 20, na kila mmoja alidhani analikumbuka peke yake. Kwenye mkutano wa Desemba tulimpigia simu, tukaiweka sauti juu. Akazungumza dakika nne, nyingi kati ya hizo zikiwa juu ya mvua.

Mwaka uliofuata alinitumia ujumbe, wa kwanza kutoka kwake: "Binti anaomba mkopo wa elimu ya juu. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwaje RITA? Mtandao huku unasumbua." Nilishughulika na cheti kile kama mtu anayeshughulikia cheti cha mwanawe. Nilimwambia kwamba akipangiwa Dar es Salaam, nyumbani kwangu kuna chumba, asihangaike na hosteli. Nilikiandaa kabisa, mke wangu alinunua neti na shuka. Binti alipangiwa Dodoma. Baba yake alinishukuru akasema atakaa huko huko na wenzake. Chumba kipo. Kuna madeni ambayo mdai hakupi hata nafasi ya kuyalipa kwa namna inayokupendeza wewe.

Nimeandika haya kwa sababu siku hizi mimi ni miongoni mwa wanaokaa upande wa pili wa lile faili. Kila mwisho wa mwaka, katika chuo ninachofundisha, tunaketi kuzunguka meza ndefu na kupitisha matokeo. Orodha ya wanaoondolewa masomoni husomwa kwa sauti, mtu wa pembeni akiangalia saa, kwa sababu idara nyingine zinasubiri. Kanuni inafuatwa, na mimi ni mtetezi wa kanuni. Bila kanuni mtoto wa mkulima ndiye wa kwanza kuumia. Lakini nimejiwekea utaratibu wa kuuliza swali moja kwa kila jina lisilofanya mtihani: huyu yuko wapi? Mara nyingi hakuna anayejua. Huomba dakika kumi, nikatoka nje, nikampigia simu. Wenzangu wameanza kuzizoea dakika zangu kumi, na wengine wanazikasirikia. Mwaka jana, kati ya niliowapigia, mmoja alikuwa ameacha masomo kwa hiari na hakutaka kusumbuliwa. Mmoja hakupokea. Mmoja alikuwa wodini akimwuguza baba yake, na barua yake ya kuomba ruhusa ilikuwa imekaa siku tano katika mkoba wa rafiki yake.

Niliomba nizungumze na huyo rafiki. Alifika ofisini kwangu akitetemeka, akaanza kueleza habari za foleni. Sikumgombeza. Nilimwambia achukue kalamu, aandike tarehe aliyopewa barua na tarehe aliyoileta, atie sahihi, kisha leo hii, kabla jua halijazama, ampigie mwenzake amwambie yeye mwenyewe.

Na wewe unayesoma, uwe mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi mwenye mezani pake rundo la mafaili, nakuomba jambo dogo. Chukua orodha ya darasa lako. Hesabu kwa vidole mliokuwa nao mwaka wa kwanza, uone ni wangapi hawamo. Pengine utalikuta jina unalolijua vizuri. Namba yake haiwezi kukosekana. Nchi yetu si kubwa kiasi hicho.